Tumbo la Gita la Umeme

Gita kavu lina tumbo lake. Mpigaji hugusa uzi, uzi hutikisa ubao, ubao hutikisa hewa iliyomo ndani, na sauti hutoka tunduni ikiwa imenona. Gita la umeme lililochongwa kwa ubao mzima halina tumbo. Ukilipiga bila umeme hulia kama uzi uliofungwa kwenye mguu wa meza, na mtu aliye chumba cha pili hasikii kitu. Tumbo lake limewekwa nje, hatua mbili tatu nyuma ya mpigaji. Ni lile boksi la mbao lenye spika ya inchi 12, moja, mbili au nne. Nalisema jambo hili mapema kwa sababu wengi wanaobishana juu ya mitambo ya zamani na mitambo ya dijitali hulihesabu boksi kuwa ni chombo cha kuongeza ukubwa wa sauti tu, kama kile kipaza sauti cha mkutano wa hadhara. La hasha. Boksi ni sehemu ya ala yenyewe, na mwenye kuliondoa hana budi kujua ameondoa nini.

Nilipokuwa nikifundisha nilikuwa na uma mdogo wa chuma wa kupimia sauti, niliozoeshwa kuutumia chuoni nilikosomea ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Niliugonga na kuushika hewani, na watoto wa dawati la nyuma hawakusikia lolote. Niliugonga tena na kusimamisha mguu wake juu ya meza, na darasa zima likasikia. Uma ulikuwa uleule, na nguvu ya mkono ileile. Kilichoongezeka ni meza. Kisha niliuhamishia kwenye sanduku la chaki, na sauti ikabadilika. Haikuwa kubwa tu wala ndogo tu, bali ilikuwa ya namna nyingine. Somo lote la boksi la spika limo humo.

Sisi wa Lyulilo tuna somo hilo sokoni kila Jumamosi. Akina mama wa Kikisi huleta vyungu kutoka Ikombe kwa mitumbwi, na mnunuzi mwenye akili hukigonga chungu kwa kidole kabla ya kutoa fedha. Chungu kizima hulia. Chenye ufa hukoroma. Na hata vyungu viwili vizima, vya udongo mmoja, havilii sawasawa. Ndivyo yalivyo maboksi. Lililo wazi kwa nyuma humwaga sauti pande mbili na kuijaza nyumba. Lililozibwa kwa nyuma huisukuma sauti mbele na kuipa kifua. Unene wa ubao, karatasi ya spika, gundi iliyolegea, vyote vina neno lao.

Spika ya gita, kwa kipimo cha mafundi, ni spika yenye upungufu. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo hadi kama 20,000 kwa sekunde. Spika ya gita hufanya kazi vizuri hadi kama 5,000 hivi, kisha huchoka na kuporomoka. Uzi mnene wa gita hutetema mara 82 kwa sekunde, na noti za juu kabisa hupita 1,000 kidogo, kwa hiyo noti zenyewe zinaenea ndani ya uwezo wa spika. Kinachobaki nje ni ule mkwaruzo wa juu, ambao amplifaya huutoa kwa wingi inaposukumwa kwa nguvu. Spika huukata, na hivyo sauti ya gita tuliyoipenda ni sauti iliyochujwa. Upungufu wa boksi ndio utamu wake.

Hapa ndipo wengi wanapolaumu kisichostahili lawama. Katika harusi nyingi za siku hizi, gita huchomekwa moja kwa moja kwenye miksa na kutolewa kwenye maspika makubwa ya ukumbi, ambayo yametengenezwa yaseme kila kitu hadi juu kabisa. Hakuna cha kuuchuja mkwaruzo. Sauti hutoka nyembamba na kali, kama mbu sikioni, na wazee huinamiana na kusema, "Hiyo ndiyo dijitali." Sivyo. Hilo ni gita lisilo na tumbo, na lingelia vivyo hivyo mwaka 1970 kama mtu angelichomeka hivyo. Mtambo wa dijitali ulibuniwa, pamoja na mambo mengine, kuiponya aibu hiyo.

Namna yake ya kuponya ni hii. Fundi huweka maikrofoni mbele ya boksi lenye sifa, sentimita chache tu kutoka kwenye spika. Hupitisha humo sauti ya majaribio, na boksi huijibu kwa tabia yake. Jibu hilo huhifadhiwa kwa namba, na tangu hapo kila noti ya gita inayopita ndani ya mtambo hupewa jibu hilo, kana kwamba imepita kwenye boksi lenyewe. Mtambo mmoja huweza kubeba mamia ya maboksi ya namna hiyo. Kampuni ya Line 6 ya Marekani ilitoa kile kidude chake cha POD mwaka 1998. Mwaka 2011 Kemper wa Ujerumani akaleta mtambo ambao mwenye nao anaweza kupima amplifaya na boksi lake mwenyewe na kuvihifadhi. Kwa miaka hii yote ufundi umesonga mbele, na mimi, pamoja na mvi zangu, sioni haya kusema kwamba nikisikiliza santuri au redio sijui kila mara lipi ni boksi na lipi ni namba.

Hata hivyo, yafaa tuulize mtambo huo umehifadhi nini. Haukuhifadhi boksi kama lilivyosikiwa ukumbini. Umehifadhi boksi kama lilivyosikiwa na maikrofoni iliyobandikwa puani mwake. Hakuna mchezaji dansi aliyewahi kuweka sikio lake hapo. Sauti aliyoisikia mchezaji ilikuwa imetembea, imegonga ukuta, imepita miguuni mwa watu, na zaidi ya yote, ilikuwa imetoka mahali fulani.

Hili la mahali ndilo kiini cha maneno yangu yote.

Fikiria muziki wetu wa dansi ulivyojengwa. Sitaji bendi za dunia nzima. Inatosha kutaja zile tulizokua nazo. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 na ambayo sasa tunaijua kama Msondo Ngoma. Mlimani Park, yaani Sikinde, iliyoanza mwaka 1978. Vijana Jazz, Maquis, Matimila ya marehemu Remmy Ongala. Katika bendi hizo gita halikuwa moja. Kulikuwa na ridhimu, solo, mara nyingi na solo la pili, na besi. Ridhimu hutandika mkeka. Solo la pili husuka juu yake kamba fupi inayojirudia. Solo huingia na kuuliza. Tarumbeta na saksafoni hujibu. Besi hutembea chini ikiwaambia wote wako wapi. Hasa wimbo unapofika kwenye chemko, magita matatu huongea kwa wakati mmoja, na hakuna linalosema lile la mwenzake. Ni mazungumzo, na anayecheza huchagua la kuchezea. Nyonga zafuata ridhimu, mabega yafuata solo.

Sasa zingatia vyombo vilivyokuwa vikipangwa jukwaani. Kila mpigaji wa gita alikuwa na amplifaya yake na boksi lake nyuma yake. Ridhimu ilitoka kushoto, solo kulia, besi nyuma karibu na ngoma, kwa mfano. Waimbaji peke yao ndio waliopitia kwenye maikrofoni na maspika ya mbele. Mungu amempa binadamu masikio mawili yaliyoachana kwa upana wa kichwa, na tofauti ndogo mno ya wakati baina ya sikio hili na lile humjulisha sauti imetoka upande gani. Ndiyo maana unaweza kumsikiliza jirani yako katika baraza lenye kelele. Unamtenga kwa mahali alipo. Mazungumzo ya magita matatu yanahitaji neema hiyohiyo. Yalipotoka kwenye vinywa vitatu, sikio liliyatenga bila jitihada.

Leo magita yale matatu, hata kila moja likiwa na mtambo mzuri wa dijitali, hukusanywa kwenye miksa na kutolewa kwenye maspika mawili yanayosema neno moja, pamoja na waimbaji, kinanda na ngoma. Vinywa vitatu vimekuwa kimoja. Fundi mitambo hujitahidi kupandisha huyu na kushusha yule, lakini kumpandisha mmoja katika kinywa kimoja ni kumziba mwingine. Ndipo solo la pili linapopotea. Halipotei kwa sababu vidole ni vibovu. Linapotea kwa sababu halina mahali pa kusimama. Na mpigaji akishaona kwamba kamba yake haisikiki mwaka mmoja, miwili, huiacha. Baada ya hapo bendi hubaki na gita moja na kinanda. Kwa maoni yangu hii ni mojawapo ya njia ambazo ufundi wa kusuka magita unaweza kufa kimyakimya, bila mtu kuukataza.

Msomaji makini atanipinga hapa, na ana haki. Atasema: "Mbona nyimbo hizohizo tulizipenda kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye redio ya betri yenye spika moja? Hicho si kinywa kimoja?" Ni hoja nzito. Jibu langu ni kwamba redio ilipokea kazi iliyokwisha kufanywa. Magita yale yalikuwa yametengana kwa miezi ya mazoezi na kumbi. Kila mpigaji alijua sauti ya boksi lake na akachagua noti ambazo wenzake hawakuzigusa. Wapangaji kama Michael Enoch, aliyetoka Dar es Salaam Jazz na baadaye akawa nguzo ya Mlimani Park, hawakuacha magita yagombane. Redio ilileta matunda, lakini shamba lilikuwa ukumbini. Vijana wa leo wanataka kuvuna redioni bila kulima ukumbini.

Kwa haki hiyohiyo hapana budi niyataje mazuri ya dijitali, na si machache.

Kwanza, uzito. Boksi la spika nne huwa na kilo 35 au zaidi. Lililobuniwa na Jim Marshall huko London miaka ya mwanzo ya 1960 lilikusudiwa watu wenye gari na wabebaji. Bendi ya mwambao huu husafiri kwa mtumbwi, kwa bodaboda, kwa tela la trekta. Mtambo wa dijitali huingia kwenye mfuko wa shule.

Pili, umeme. Zile amplifaya za valvu, yaani taa za kioo zinazowaka ndani, kama Vox AC30 waliyoipenda Waingereza, hutaka umeme ulio imara, na valvu ikiungua hapa Kyela utaitafuta wapi? Aidha, utamu wake huja zinaposukumwa sana, na kusukuma sana maana yake ni kelele. Mtambo wa namba hutoa utamu uleule kwa sauti ya chini, hata mtoto akiwa amelala. Wala tusidhani kila cha kale kilikuwa valvu. Roland JC-120 ya Wajapani, iliyotoka mwaka 1975, ni ya transista tupu, na haikuzuiwa na hilo kupendwa duniani kote.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, miliki. Katika miaka ile vyombo vilikuwa ghali mno, hata bendi nyingi zilimilikiwa na vyama, majeshi na mashirika: chama cha wafanyakazi, Jeshi la Polisi, kiwanda cha nguo cha Urafiki, Umoja wa Vijana. Mlimani Park yenyewe ilianza chini ya kampuni ya teksi, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam. Mwanamuziki aliyehama aliondoka na vidole vyake na koo lake. Gita na boksi vilibaki kwa mwenyewe. Aliyeshika vyombo alishika muziki. Kijana anayeweza leo kununua mtambo kwa fedha ya mpunga au kokoa yake, na kwenda nao apendako, amepata uhuru ambao wakubwa wake wengi hawakuupata. Mtu asiuseme uhuru huo kwa dharau.

Yako pia malalamiko dhidi ya dijitali ambayo siyakubali. Wapo wasemao kwamba mtambo huchelewesha sauti. Kweli huchelewa, kwa sehemu chache za elfu moja ya sekunde. Lakini sauti hewani hutembea kama mita 340 kwa sekunde. Kuchelewa sehemu tatu za elfu ni sawa na kusimama mita moja mbali na boksi. Mpigaji aliyesimama mita tatu mbele ya boksi lake hakuwahi kulalamika. Wapo pia wasemao kwamba namba haina roho. Sijui roho ya spika inakaa wapi, karatasi ni karatasi na waya ni waya. Roho ni ya mpigaji.

Nimeyaeleza haya yote kwa sababu ya shauri lililo mbele yetu. Vijana watatu wa hapa, wawili wao niliwafundisha, wana kikundi chao cha kupiga kwenye harusi na sherehe. Walirithi maboksi mawili ya spika moja moja na amplifaya chakavu ya transista kutoka kwa bendi iliyokufa zamani. Amepatikana mtu Mbeya anayetaka kuyanunua maboksi yale. Fedha hiyo, wakiongeza kidogo, itanunua mtambo mmoja wa dijitali uliokwisha tumika, watakaoupeana zamu. Walikuja kwangu: "Shikamoo Mwalimu, tuuze au tusiuze?" Nimewasikia wakipiga mara tatu mwaka huu. Mara mbili walipitisha vyote kwenye miksa ya kukodi, na sikuweza kumtambua yule wa ridhimu, ingawa nilimwona akitoka jasho. Mara ya tatu miksa iliharibika; wawili wakapigia kwenye maboksi yao, wa besi akaazima la kanisani, na mwimbaji akatumia spika ndogo ya mkononi. Sauti ilikuwa chafu kidogo na haikufika barabarani. Lakini akina mama waliokuwa wakipakua wali waliacha miiko na kuja kucheza, na nilimsikia yule wa ridhimu toka mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mabishano ya boksi na dijitali, kama yanavyoendeshwa kwingine, ni mabishano ya utamu: lipi latoa sauti tamu zaidi. Hayo wameyaweza waliojaza mitambo yao maboksi ya Vox, Marshall na Fender, nami nawaachia. Kwa muziki wa dansi swali ni la idadi. Magita mangapi yanasema, na vinywa vingapi vipo vya kusemea? Mtambo wa namba ukiwa na kinywa chake mwenyewe ni mtumishi mwema. Boksi zuri la kale likibanwa kwa maikrofoni na kuingizwa kwenye spika moja na wenzake wote nalo limenyang'anywa mahali pake. Kosa halimo ndani ya kidude. Limo katika kuvikusanya vyote mahali pamoja.

Nimewashauri wasiuze. Mtambo wa dijitali wautafute kwa fedha nyingine, hata kama itawachukua mavuno mawili. Wakiupata, wautoe kwenye amplifaya ile chakavu na kuingia kwenye boksi la kweli, na wakumbuke kuizima ile sehemu inayoiga boksi, maana gita halihitaji matumbo mawili; sauti itakuwa nzito na yenye ukungu kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Wakipata fundi mwenye mtambo wa kupimia, wayahifadhi na maboksi yao kwa namba, ili siku yatakapooza kwa unyevu wa ziwa hili angalau kivuli chake kibaki. Boksi la tatu seremala yeyote wa hapa analiweza: plaiwudi nene, gundi nzuri, skrubu badala ya misumari, na spika moja ya inchi 12. Walipange upande wa kushoto, mbali na la solo, na huko akae wa ridhimu. Miksa waiachie waimbaji.

Nao wakimaliza kulitengeneza, wafanye kama sokoni Jumamosi. Waligonge kwa vidole pande zote nne kabla ya kulipaka rangi, na linapokoroma waongeze skrubu.